Nilisema Naweza

Mliniacha nimeshika kalamu juu ya fomu ya usaili, na Shangazi amesimama nyuma yangu ananinong'oneza.

Kwa ambaye leo ndiyo anafungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, mimi ni yule binti mrefu aliyesomea ualimu, akakosa shule ya kumpokea, akaonekana kwenye foleni ya benki na kufanywa mwanamitindo. Miaka mitatu nimetembea majukwaani. Nimeteguka kifundo cha mguu ndani ya viatu vya mtu mwingine. Picha yangu imebandikwa kwenye tangazo la dawa ya minyoo bila mimi kuulizwa. Na yule aliyeapa kunioa, mnajua alivyoniacha. Baada ya hayo yote nikaitwa kwenye filamu, na fomu ile ilikuwa ndiyo mlango wenyewe.

Shangazi si ndugu yangu. Ni wakala wetu. Wasichana wote tunamwita hivyo kwa sababu hutupigia simu asubuhi kuuliza kama tumekula, kisha anatuambia tusile. Mimi alinibandika jina la Mlingoti, likaganda.

Shangazi alikuwa na sheria moja tu: mwanamitindo hasemi siwezi. Ukiulizwa kama unapanda farasi, sema naweza. Ukiulizwa kama unashika nyoka, sema naweza, uzimie baadaye nyumbani kwenu. Picha ni kufumba na kufumbua, alikuwa akitufundisha. Mpaka wagundue hujui, imeshapigwa.

Na sheria ile ilikuwa inafanya kazi. Ninayo picha nzuri sana nikiwa juu ya farasi. Isichoonyesha ni wanaume wanne waliochuchumaa upande wa pili, wamenishika miguu nisidondoke.

Kwenye fomu ya filamu palikuwa na swali: Unajua kuogelea? Nikaweka alama ya vema. Alama ndogo, kama ukucha wa kuku. Sijawahi kuingia kwenye maji yaliyonipita magoti.

Leo naungama kilichozaliwa na alama ile.

Naomba msinihukumu haraka. Nafasi niliyopewa ilikuwa ya mwalimu anayevusha watoto mtoni kwa boti. Boti inapinduka, mwalimu anawatoa watoto mmoja baada ya mwingine, anarudi kumtafuta wa mwisho, haonekani tena. Niliposoma kurasa zile nililia mpaka karatasi ikalowa. Mama yangu amefundisha darasa la pili kwa miaka thelathini. Nilijiambia kuna mtoto mahali fulani ataiona filamu hii na siku inayofuata atamwangalia mwalimu wake kwa jicho jingine. Niliamini hivyo. Hata leo naamini. Ila nilitaka kuigiza mwanamke mkweli kuliko wote, na niliingia kwa uongo.

Siku ya kwanza ya kazi mwongozaji alitukusanya. Ni mzee mpole mwenye kofia ya kufuma, hapandishi sauti kamwe. Akatueleza kwa nini msichana aliyekuwa na nafasi yangu kabla yangu hayupo tena: alisema anajua kuendesha gari, wakagundua hajui.

"Asiyejua namfundisha," alisema. "Anayenidanganya namrudisha kwao siku hiyo hiyo."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia nikaitikia. Nilikuwa na siku tisa za kusema ukweli kabla ya siku ya kumi, siku ya maji. Kila asubuhi niliamka nikisema leo namwambia. Kila jioni nilirudi sijamwambia.

Siku ya kumi ikafika saa mbili asubuhi, jua kali, hakuna hata wingu la kunisaidia.

Walikuwa wamekodi bwawa la chuo cha michezo. Kuta na sakafu walizifunika kwa maturubai meusi ili maji yaonekane kama mto. Nilisimama ukingoni nikaangalia chini nisione kitu. Maji yale hayakuwa na mwisho. Mfanyakazi mmoja aliniambia upande ule kina chake ni watu wawili wamepandana, akacheka, akaenda zake na ngazi begani.

Simu ikalia. Mama. Alikuwa ameambiwa leo naingia majini na hakuwa amelala vizuri. Akauliza maji yenyewe ni ya moto au ya baridi. Nikamwambia ya baridi.

"Mwanangu, wewe ulikuwa unalia kuoshwa nywele. Umejifunza lini kuogelea?"

"Ni maigizo tu, mama."

"Haya. Waambie wakushike."

Nilikata simu nikiwa nimebana meno.

Ndipo akaja mzamiaji. Kijana mwenye mabega mapana, filimbi shingoni, kazi yake kukaa ndani ya maji nyuma ya turubai na kumtoa mwigizaji akizidiwa. Alinisalimia kwa heshima, akanivuta pembeni mbali na wengine, akaniuliza polepole kama naogelea kweli. Akasema kuna wengi wanaandika wanajua na hawajui, si aibu, wanaweza kutafuta mwingine mwenye umbo kama langu akafanya sehemu ile tu.

"Niambie sasa, dada yangu. Nikishaingia mle ndani nitakuwa naamini ulichoniambia."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilikuwa na hatua moja tu ya kupiga.

Nikamwona Shangazi chini ya mwavuli, amevaa miwani yake mikubwa, ananitazama. Nikamkumbuka yule msichana wa gari.

"Naweza," nikasema.

Hakuridhika. Akaniomba niogelee kidogo tu, kutoka ukuta huu mpaka ule, anione. Roho yangu ikaruka. Lakini Shangazi alishafika. Akamuuliza kama ana akili timamu, nywele hizi zimesukwa kwa muda wa saa sita, uso umepakwa tangu alfajiri, anataka kumlowesha msichana kabla ya kamera. Mwongozaji akasikia, akakubali kwamba jambo hilo lina maana. Mzamiaji akainua mabega. Nikapumua, na nilijichukia kwa pumzi ile.

Kisha nikaonyeshwa kitu kilichonifanya nitake kucheka kwa furaha. Chini ya maji, pembeni ya boti iliyopinduliwa, walikuwa wameweka meza ya chuma. Mwigizaji anasimama juu yake, maji yanamfika kidevuni, anatapatapa kwa mikono, na mtazamaji anadhani yuko kilindini. Ni yale yale ya wanaume wanne na farasi. Nikajiona mjinga kwa siku tisa za kukosa usingizi.

Mzamiaji akaniambia pembeni ishara yetu. Kwa kuwa naigiza mtu anayezama, hatajua nikizama kweli. Kwa hiyo nikiona mambo yameharibika, niinue mkono mmoja juu kabisa, vidole vimetanuliwa. Akiona hivyo anakuja, kamera iwe inazunguka au isizunguke.

Tukaanza. Nikashushwa mpaka kwenye meza nikiwa na gauni la mwalimu na kilemba cha njano. Maji yalikuwa yanaingia kila mahali kama watu wasiobisha hodi. Nikashika ukingo wa boti, mwongozaji akasema haya, nikaanza kutapatapa.

Meza ilikuwa imeota utelezi. Mguu wa kulia ukaondoka. Nikaenda chini mara moja, mdomo wazi, nikameza maji, nikasikia masikio yanaziba. Sikufikiri. Mkono ukapanda juu wenyewe, vidole vimetanuka.

Mzamiaji alinifikia upesi sana. Nilimng'ang'ania mpaka nikamkwaruza shingo. Aliponitoa ukingoni nilikuwa nakohoa na kutetemeka. Nilishaamua: nikipata pumzi tu, nasema.

Nikainua uso. Mwongozaji alikuwa amepiga magoti mbele yangu, machozi yamemlenga.

"Mwalimu," alisema, maana alikuwa akiniita hivyo tangu siku ya kwanza, "ule mkono. Umeutoa wapi ule mkono?"

Watu walikuwa wanapiga makofi. Mpiga picha alikuwa anatikisa kichwa kama aliyeonja kitu kitamu. Mwongozaji alieleza kwamba katika karatasi mwalimu anazama kimya kimya tu, lakini sasa ameona: mkono unabaki juu, vidole wazi, kama anayehesabu watoto wake. Akataka urudiwe vile vile. Bahati mbaya kamera ya pili haikuwa imekaa vizuri.

Maneno yangu yalirudi tumboni pamoja na maji.

Mzamiaji peke yake, aliyedhani nimeteleza na kushtuka tu, hakupiga makofi. Akasema ikiwa mkono umekuwa sehemu ya mchezo, basi si ishara tena, tutafute nyingine. Akaniangalia kichwani. Kilemba kilikuwa kimelegea na kuteremka mpaka shingoni.

"Kilemba chako ni cha njano, nitakiona hata maji yakichafuka. Ukizidiwa, kivue ukiachie. Nikikiona kinaelea, nakuja. Kikiwa kichwani, najua unaigiza."

Nikaitikia. Tulikuwa wawili tu pale. Mwongozaji alishaenda kwenye kamera, na mvalishaji alikuwa chumbani anatafuta gauni kavu.

Huyo mvalishaji ndiye ninayemwandikia leo, hata kama gazeti hili linasomwa na wengi.

Tulimwita Dada Pini. Mwanamke mfupi, mama wa watoto wawili, aproni yake ina mifuko tisa na mdomo wake siku zote umebana pini tatu nne. Alikuwa anaongea nazo hivyo hivyo bila kujichoma. Watu walisema hata usingizini anazo. Katika siku zile kumi ndiye pekee aliyeniletea chai bila kuniuliza nimepungua kilo ngapi.

Nilipoingia chumbani kubadilisha, alinifunga taulo, akanikalisha, akanitazama usoni muda mrefu kidogo.

"Mlingoti," akasema, "ule haukuwa uigizaji."

Nikaangua kilio. Nikamwambia yote: fomu, alama ya ukucha wa kuku, Shangazi, siku tisa. Nikamwambia sijui kuogelea hata kidogo.

Akatoa pini mdomoni, jambo ambalo sijawahi kuona akilifanya.

"Hata mimi," alisema. "Mimi, mdogo wangu, mvua ikinyesha napita uani kwa majirani nisikanyage dimbwi. Wanangu wakienda bwawani nakaa getini, naogopa hata harufu yake."

Tukacheka. Wawili, tumekumbatiana kwenye kile chumba chenye harufu ya pasi, tulicheka mpaka mtu akagonga ukuta. Kisha akaacha kucheka. Akasema anakwenda kumwambia mwongozaji sasa hivi.

Nilimshika mkono. Nilimsihi kama mtoto. Nikamwambia meza ipo, nimeteleza tu, nitavua viatu nisimame kwa kidole gumba, ni dakika moja, kesho tutakuwa tunalisimulia hili kama kichekesho. Nikamtaja mama yangu na darasa lake la pili. Nikamfanya aape kwa wanawe. Hilo nalo naliungama: nilimfanya aape kwa wanawe.

Aliapa shingo upande.

Halafu akarudi kazini, maana walikuwa wanatuita. Mwongozaji alikuwa amemgombeza kidogo kuhusu kilemba. Katika picha za jana, zilizopigwa nchi kavu, fundo la kilemba lilikuwa juu ya sikio la kushoto na limekaza. Leo kimeteremka. Mtazamaji atashangaa. Kwa hiyo safari hii kisisogee hata unywele mmoja.

Sasa niwaeleze jambo la kazi yetu. Mwanamitindo hufundishwa kutokuwepo anapovalishwa. Nyuma ya jukwaa wanakupokonya nguo hii, wanakubandika ile, mikono kumi iko juu yako, anayekuchoma anakuchoma. Ukianza kusikia kila kitu utapiga kelele. Kwa hiyo unaondoka. Mwili unabaki umesimama, wewe unakwenda kukaa mahali pengine mpaka wamalize. Mimi nilikuwa hodari wa kuondoka kuliko wote. Shangazi alikuwa ananitolea mfano.

Nikaondoka. Nilikuwa nafikiria ile meza, wapi pa kuweka unyayo. Nilihisi vidole vya Dada Pini kichwani, nikahisi kitu kinavutwa na kuvutwa tena kwenye misuko, na sikujiuliza ni nini.

Alikuwa na sindano ya kushonea turubai na uzi mnene. Alikuwa anashona kilemba kwenye nywele zangu, mshono mmoja baada ya mwingine, kuzunguka kichwa kizima, kwa upendo, ili nisigombezwe.

Yeye hakujua ishara. Na mimi niliyejua sikuwepo.

Tuliporudi bwawani nilikuta wafanyakazi wawili wanainua meza ya chuma kutoka majini. Inachuruzika, miguu yake imejaa utelezi wa kijani. Nikasimama.

Mwongozaji alinieleza kwa upole kwamba kamera ya pili itakuwa chini ya maji na inaona miguu ya meza. Sasa nitashika boti tu. Nihesabu mpaka tatu, niachie, niinue ule mkono, niende chini. Boti itavutwa kwa kamba isionekane. Ni sekunde ishirini, kwa mtu anayejua maji si kitu.

Dada Pini alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake imekatika. Akapiga hatua moja mbele, mdomo wazi. Nikageuka nikamtazama kwa jicho ambalo sitalisahau na wala yeye hatalisahau, jicho la kumkumbusha alichoapa. Akasimama.

Mzamiaji akauliza kama niko sawa bila meza. Aliuliza mbele ya watu wote, na wote walikuwa wananingojea, watu thelathini na jua lao.

Chini ya mwavuli midomo ya Shangazi ilitengeneza neno moja bila sauti.

"Naweza," nikasema.

Wakanishusha. Safari hii miguu ilitafuta kitu cha kukanyaga na haikukipata. Nilikuwa nimening'inia kwenye boti kwa vidole vinane. Nilimwona mzamiaji anaingia nyuma ya turubai jeusi, upande wa mbali, kichwa tu nje, macho yake kwenye rangi ya njano. Nikajituliza: kilemba. Ukizidiwa, kilemba.

Mwongozaji akasema haya, mwalimu.

Moja. Mbili. Sikufika tatu. Boti ilivutwa ikanitoka mikononi kama mtu anayekunyang'anya mtoto.

Nilishuka. Nilipiga miguu nikapanda, nikapata nusu ya pumzi na nusu ya maji. Mkono ulikwenda juu, sikumbuki kama niliupeleka mimi. Nikasikia sauti ya mwongozaji kutoka mbali, kama mtu anayeongea nyumba ya pili.

"Vizuri. Vizuri sana. Usiushushe."

Nikashuka tena. Ndani mlikuwa giza tupu. Sikujua juu ni wapi. Kifua kilikuwa kinaomba kufunguka na nilijua kikifunguka ndiyo basi. Nikapeleka mikono yote miwili kichwani, nikashika kilemba, nikavuta.

Hakikutoka.

Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Nilihisi ngozi ya kichwa inainuka, misuko inaumia, na kitambaa kiko pale pale, kimekaza, fundo juu ya sikio la kushoto kama jana. Ndipo vile vidole vilivyokuwa vinavuta na kuvuta vikanirudia. Nikaelewa kilichofanyika kichwani mwangu nilipokuwa sipo.

Nilipanda mara ya tatu. Nilijua hakuna ya nne. Macho yalitoka nje ya maji kwa muda wa kufumba na kufumbua, muda wa picha moja, na picha ile ninayo mpaka leo.

Mwongozaji ameweka kiganja kifuani, ameguswa. Shangazi anatabasamu. Mzamiaji ametulia mahali pake, anatazama kilemba changu kilivyo kichwani, anaamini nilichomwambia.

Na Dada Pini ukingoni, anapiga kelele pini zikimdondoka mdomoni. Alikuwa ameona mikono yangu inavyokwaruza mshono wake. Hakungoja mtu amwelewe. Aliruka vile vile alivyo, na aproni yake ya mifuko tisa na makasi ndani.

Maji yalinifunika kabla hajayafikia.

Mtu pekee pale bwawani aliyejua kwamba mwanamke yule hawezi kuogelea alikuwa mimi. Mzamiaji alikuwa mmoja, naye alikuwa upande wa mbali. Wa kuokolewa tulikuwa wawili.